Sondaji kabla ya uchaguzi wa 2018: nani aliulizwa, nani hakuulizwa

Siku ya ijumaa tarehe 28 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku mbili tu Wakongo waende kupiga kura, Kundi la Utafiti juu ya Congo (GEC), lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha New York, lilitangaza matokeo ya sondaji yake ya mwisho. Martin Fayulu alikuwa na asilimia 47, Félix Tshisekedi asilimia 24, na Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa chama tawala, asilimia 19. Siku kumi na tatu baadaye, usiku wa manane kuamkia tarehe 10 Januari 2019, Corneille Nangaa, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa tume ya uchaguzi CENI (leo watu wa Goma wanamfahamu kwa kazi nyingine), alisoma matokeo tofauti kabisa: Tshisekedi asilimia 38.57, Fayulu 34.83, Shadary 23.84.

Kila mara uchaguzi unapokaribia, sondaji zinarudi. Zinapita kwenye WhatsApp, zinasomwa kwenye redio, mmoja anasema fulani anaongoza, mwingine anasema ni uongo wa wazungu. Kwa hiyo ni vizuri, ndugu msikilizaji nawe ndugu uliye kambini, turudie historia ya jambo hili hapa kwetu, tuone lilitoka wapi na linafanywa namna gani. Kuna swali moja ambalo wataalamu wa Kinshasa hawaliulizi sana, nalo ni hili: wale walioulizwa walikuwa nani, na wale ambao hawakuulizwa walikuwa wapi?

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili watu wengi wanasema "kura ya maoni," lakini neno hilo linatuchanganya, kwa sababu ndilo tunalotumia pia kwa ile kura ya Desemba 2005, tulipoambiwa tuseme ndiyo au hapana juu ya katiba mpya. Ile ilikuwa kura kweli, na matokeo yake yakawa sheria. Hii ninayozungumzia haiweki mtu madarakani wala haimtoi. Ndiyo maana hapa natumia neno ambalo kila mtu wa Congo analisikia, sondaji, kutoka Kifaransa. Maana yake ni kuchomeka kitu ndani ili kujua kuna nini. Wafanyabiashara wa kahawa na maharagwe wanalijua jambo hili kuliko maprofesa. Mnunuzi hafungui gunia lote. Anachukua kile chuma chenye ncha na tundu, wengine wanakiita bambo, anakichoma kwenye gunia juu, katikati na chini, anaangalia punje zinazotoka. Akichoma juu peke yake, mwenye gunia mjanja atamuuzia mawe.

Mambo yote ya sondaji yako hapo kwenye kuchoma sehemu zote. Watu wengi wanafikiri ubaya ni uchache wa watu. Wanasema, "Mtawezaje kuuliza watu elfu moja, halafu mseme Congo nzima inafikiri hivi?" Ukweli ni kwamba watu elfu moja wanatosha kukaribia ukweli, kwa kukosea pointi tatu hivi juu au chini, ilimradi wamechaguliwa bila upendeleo kutoka nchi nzima. Ukiuliza elfu mbili, kosa linapungua kidogo tu, linakuwa pointi mbili na kitu. Lakini ukiuliza hata milioni mbili na wote wametoka upande mmoja, umepoteza wakati.

Hilo lilitokea kweli, na si kwetu. Mwaka 1936 huko Marekani, jarida moja lililoitwa Literary Digest lilituma karatasi kwa watu milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda rais Franklin Roosevelt. Siku ya uchaguzi Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limechukua majina kutoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati ule wa umaskini mkubwa, wakati mwenye simu alikuwa mtu wa nafasi yake. Na waliojisumbua kujibu walikuwa zaidi wale waliokuwa na hasira na serikali. Mwaka huohuo George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, lakini aliwachagua kwa mpango, akasema Roosevelt atashinda. Jarida lilikufa muda mfupi baadaye. Kisa hicho cha simu mkikumbuke, kitatufaa mbele.

Kwetu, kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza mwananchi kitu. Tangu Mobutu alipochukua nchi, swali lilikuwa moja na jibu lilijulikana. Mwaka 1970 mgombea wa uraisi alikuwa ni yeye peke yake. Ulipewa karatasi mbili, ya kijani ilikuwa ya matumaini, ya nyekundu ilikuwa ya fujo, na ulichagua mbele ya macho ya watu. Hesabu iliyotangazwa ilisema kura 10,131,669 zilimkubali, 157 zikamkataa. Wazee wetu wamekaa miaka mingi wakijua kwamba mgeni akija kuuliza unampenda nani, jibu lenye usalama ni lile analotaka kusikia. Tabia hiyo haikuisha siku Mobutu alipokimbia mwaka 1997. Anayefanya sondaji Congo bila kufahamu hilo ataandika majibu mengi na ukweli kidogo.

Katika miaka ya mwisho ya Mobutu ndipo vilianza kuonekana vyumba vidogo vya watafiti mjini Kinshasa. Kinachojulikana zaidi kinaitwa BERCI. Walianza kuuliza watu wa jiji kuu juu ya siasa, juu ya viongozi, juu ya maisha. Kazi ilikuwa ngumu na bado ni ngumu, kwa sababu ya jambo moja ambalo linashangaza wageni: Congo haijafanya sensa tangu mwaka 1984. Wakati ule tulihesabiwa takriban milioni 30. Leo kila mtu anataja hesabu yake. Sasa, kama hujui ni watu wangapi wanaishi Walikale na wangapi wanaishi Kananga, utajuaje uulize wangapi huku na wangapi kule? Watafiti wanatumia orodha za wapiga kura za CENI, ambazo nazo zina magomvi yake, ama wanakisia.

Uchaguzi wa mwaka 2006 ulionyesha wazi hatari ya kuchoma gunia upande mmoja. Katika duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, Joseph Kabila alipata asilimia 58 na Jean-Pierre Bemba asilimia 42 hivi. Lakini hakuna mahali popote Congo palipofanana na hesabu hiyo. Huku mashariki, Kivu zote mbili na Maniema, Kabila alipita asilimia 90. Kule Equateur, Bemba naye vilevile. Kinshasa ilikuwa ya Bemba kwa wingi. Mtu aliyekaa Kinshasa akauliza watu wa Lemba na Ngaliema angeapa kwamba Bemba ni raisi tayari. Na mtu aliyekaa Bukavu angecheka kusikia jina la Bemba linatajwa. Wote wawili wangekuwa wameuliza vizuri, watu wengi, kwa uaminifu. Ninaamini kwamba sehemu ya hasira iliyotokea Kinshasa mwaka ule ilitoka hapo: watu hawakuwa na njia ya kujua majirani zao wa mbali wanafikiri nini, kila upande ulidhani kwamba nchi nzima ni mtaa wake.

Mwaka 2011 mambo yalizidi kuchanganyika. Miezi michache kabla, mnamo Januari, bunge lilibadilisha katiba ili uchaguzi wa raisi uwe wa duru moja. Kuanzia hapo, mwenye kura nyingi kuliko wengine anachukua nchi hata akiwa na asilimia 30. Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi akapata 32.33, Vital Kamerhe 7.74. Waangalizi wa Carter Center walisema matokeo hayo hayaaminiki. Waliona vituo huko Katanga ambako karibu kila aliyeandikwa alipiga kura na karibu kura zote zilienda kwa mtu mmoja, wakati Kinshasa matokeo ya vituo karibu elfu mbili yalipotea. Hapakuwa na sondaji ya nchi nzima ambayo watu wangeweza kuiweka kando ya matokeo hayo wakalinganisha. Kila mtu alibaki na moyo wake.

Hilo ndilo lililobadilika mwaka 2016. Muhula wa pili wa Kabila ulikuwa unamalizika Desemba ya mwaka ule, uchaguzi ulikuwa haujatayarishwa, na watu walikuwa wanauawa kwenye maandamano. Mwezi Oktoba, GEC na BERCI walitoa sondaji ya watu 7,545, walioulizwa katika mikoa yote 26, uso kwa uso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuona kazi ya namna hiyo ikigusa hata mikoa yetu. Moïse Katumbi alikuwa na asilimia 33, Tshisekedi mzee asilimia 18, na raisi mwenyewe, Kabila, hakufika asilimia 8. Swali jingine ndilo liliumiza zaidi: zaidi ya watu 80 katika kila 100 walikataa katiba ibadilishwe ili raisi apate muhula wa tatu.

Kabila hakuondoka mwaka ule. Maaskofu wa CENCO walipatanisha watu, makubaliano yakatiwa saini usiku wa mwisho wa Desemba 2016. Lakini sijaona mtu anayekana kwamba hesabu zile ziliingia kichwani mwa wanasiasa. Nafikiri zilisaidia kuonyesha kwamba chama tawala kingepata shida kubwa kikimrudisha mtu yuleyule mbele ya wananchi. Agosti 2018, Kabila alimtaja Shadary.

Sasa tuingie mwaka wenyewe. Kati ya Julai na Desemba 2018 sondaji zilipishana sana hivi kwamba wengi walisema zote ni bure. Yaangalieni pamoja na mimi. Katikati ya mwaka walioongoza walikuwa Katumbi, Bemba na Félix Tshisekedi, wakikaribiana. Halafu Katumbi alizuiwa kuingia nchini pale Kasumbalesa, mwanzoni mwa Agosti, hivyo hakuweza kuleta makaratasi yake. Bemba alirudi Kinshasa, watu wakajaa barabarani, lakini CENI ikamkataa kwa sababu ya hukumu ya korti ya Hague juu ya kuwahonga mashahidi, na Korti ya Katiba ikakubaliana na CENI. Wakubwa wawili wametoka. Oktoba, sondaji nyingine: Tshisekedi asilimia 36, Kamerhe 17, Shadary 16, na Fayulu asilimia 8 tu.

Asilimia 8 mnamo Oktoba, asilimia 47 mwisho wa Desemba. Mtu anaweza kusema hapo pana udanganyifu. Lakini kumbukeni yaliyotokea katikati. Tarehe 11 Novemba, wapinzani saba walikutana Geneva, wakamchagua Fayulu awe mgombea wao mmoja. Siku iliyofuata Tshisekedi na Kamerhe waliondoa saini zao, wafuasi wao walikuwa wamekasirika. Tarehe 23 Novemba wawili hao wakakubaliana Nairobi, Kamerhe akamwachia Tshisekedi nafasi. Fayulu alibaki na Katumbi na Bemba nyuma yake, yaani watu wawili ambao sondaji za katikati ya mwaka zilionyesha wana wafuasi wengi. Kura hizo zilikuwa hazina mwenyewe, zikapata mwenyewe. Tena, Fayulu alianzia kampeni yake Beni, tarehe 5 Desemba, mahali ambapo hakuna mkubwa wa Kinshasa aliyekuwa anapenda kulala. Watu wa Beni waliliona hilo.

Sondaji ni picha. Ukimpiga mtu picha Oktoba, halafu ukampiga nyingine Desemba akiwa amenenepa, kamera haijadanganya.

Hata hivyo lazima niseme ukweli wote. Sondaji ya Desemba haikuwa ushahidi kwamba Fayulu alishinda. Ni makadirio ya watu waliosema watafanya nini, si hesabu ya walichofanya. Kilichoipa uzito ni yaliyofuata. CENCO ilikuwa na waangalizi karibu elfu 40 nchini. Tarehe 3 Januari maaskofu walisema kwamba kutokana na walichokikusanya wanamjua mshindi, wakaiomba CENI itangaze ukweli, hawakutaja jina. Katikati ya Januari, gazeti la Financial Times la Uingereza na GEC waliandika juu ya hesabu zilizovuja kutoka kwenye mashini za kupigia kura: katika sehemu kubwa ya kura zote, Fayulu alikuwa na asilimia 59.4. Hesabu za waangalizi wa CENCO, zilizokuwa na sehemu ndogo zaidi ya kura, nazo zilimweka juu ya asilimia 60. CENI ilikana. Korti ya Katiba ilikataa malalamiko ya Fayulu usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, na Félix Tshisekedi akaapishwa tarehe 24.

Ukiangalia vizuri, sondaji nayo haikuafikiana sawasawa na hesabu zilizovuja. Ilimpa Fayulu pointi 12 pungufu. Wapo waliokuwa hawajaamua, wapo walioogopa kusema. Lakini mpangilio ulikuwa mmoja katika zote tatu: Fayulu mbele, mbali sana na wengine. Matokeo rasmi peke yake ndiyo yaliyokuwa na mpangilio mwingine. Kila mtu afikirie anavyotaka. Mimi naona kwamba bila sondaji ile na bila hesabu za maaskofu, tungebaki kama mwaka 2011, kila mtu na moyo wake. Pengine ndiyo sababu intaneti ilikatwa tangu tarehe 31 Desemba kwa karibu majuma matatu, na sauti ya RFI ikanyamazishwa katika miji mikubwa.

Lakini nimesema nitauliza juu ya wale ambao hawakuulizwa. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni mji na wilaya yake, Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, hawatapiga kura hadi Machi 2019. Yumbi ilikuwa imetoka kwenye mauaji ya mamia ya watu katikati ya mwezi uleule, na maelfu walikuwa wamevuka mto kwenda Congo-Brazzaville. Kwa Beni na Butembo sababu zilikuwa mbili, Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti, na mashambulizi ya ADF. Kila mtu aliona kwamba Machi ni baada ya raisi kuapishwa. Walikuwa wanaambiwa wachague wabunge tu.

Watu walikasirika. Kesho yake waandamanaji Beni walivamia kituo kimoja cha Ebola, jambo ambalo liliwarudisha nyuma waganga waliokuwa wanapigana na ugonjwa. Sisemi lilikuwa jambo zuri. Swali lao lilikuwa: kama tunaweza kwenda soko, kanisa na msikiti, na kampeni imepita hapa na maelfu ya watu, kwa nini kura ndiyo ituambukize?

Halafu, tarehe 30 Desemba, wakati nchi nzima inapiga kura, watu wa Beni walipanga uchaguzi wao. Hawakuwa na mashini. Walipanga misitari, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakaandika kwenye karatasi, wakahesabu. Fayulu alishinda kwa mbali sana. Kura ile haikuwa na nguvu yoyote ya sheria. Wala haikuwa sondaji nzuri, mtaalamu yeyote atakwambia: waliokuja ni wale wenye hasira, kama wale waliolijibu jarida la Marekani mwaka 1936. Lakini ni kitu ambacho sijasikia kimetokea kwingine nchini, watu kujiuliza wenyewe kwa sababu hakuna aliyekuja kuwauliza.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ilizungumzwa sana na mara nyingi vibaya. CENI ilimpa Tshisekedi kura 7,051,013 na Fayulu kura 6,366,732. Tofauti yao ni kura 684,281. Walioandikishwa katika sehemu zile zilizozuiwa walipita milioni 1.2. Kwa hiyo waliozuiwa walikuwa wengi kuliko tofauti. Wengine wakasema basi, hata kwa matokeo ya CENI yenyewe, Beni na Butembo wangebadilisha mshindi. Hapo tupunguze mwendo. Nchi nzima waliopiga kura walikuwa chini ya nusu ya walioandikwa, asilimia 47.56. Kama Beni, Butembo na Yumbi wangetoka kwa kiasi hicho, ni kura laki tano na sabini elfu hivi, na hata zote zingeenda kwa Fayulu zisingetosha. Ili zitoshe, ingepasa zaidi ya watu 57 kati ya 100 watoke, na wote wamchague mtu mmoja. Ni vigumu. Jambo linaloonekana kwa uhakika ni dogo zaidi, lakini linauma zaidi: raisi alipatikana kwa tofauti iliyo ndogo kuliko idadi ya watu waliokatazwa kuchagua. Hakuna nchi inayojiheshimu ambayo ingeliacha hilo lipite hivi hivi.

Mwaka 2023 Beni na Butembo walipiga kura. Safari hii zamu ikawa ya Rutshuru na Masisi, pamoja na Kwamouth kule magharibi. CENI ilisema vita haviruhusu. Tarehe 20 Desemba 2023 ilipofika, familia za Kiwanja, za Bunagana na za Kitshanga zilikuwa Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, chini ya shiti. Mwezi Oktoba wa mwaka ule, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji, OIM, lilihesabu watu milioni 6.9 waliokimbia makwao ndani ya Congo. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia zaidi ya 73, na Katumbi asilimia 18. Tofauti ilikuwa kubwa, kwa hiyo wachache walihesabu Rutshuru na Masisi kama walivyohesabu Beni. Walisahaulika kimyakimya.

Na hapa narudi kwenye simu. Sondaji ya uso kwa uso ni ya gharama: magari, wauliza maswali wanaojua lugha za kila mahali, barabara ambazo hazipitiki, na hatari ya kuchukuliwa kuwa jasusi. Mtu akikuta mgeni anauliza majina na kuandika, huku kwetu, hakimbilii kufikiri ni mtafiti. Kwa hiyo watafiti wanapenda simu. Inakwenda haraka, haina gharama kubwa, haihitaji kupita kwenye vizuizi. Lakini nani anapokea simu? Mwanamume wa mjini mwenye umeme. Mama aliyekimbia Sake usiku, simu imebaki ndani ya nyumba, ama aliiuza apate unga, ama anashirikiana moja na shemeji yake, huyo hayumo. Mwanakijiji wa Pinga ambaye anapanda mlima ili apate mtandao, hayumo. Watafiti wazuri wanajaribu kurekebisha kwa kumpa uzito zaidi mwanamke mmoja wa kijijini waliyempata, asimame badala ya wenzake. Inasaidia. Lakini mwanamke wa kijijini ambaye bado ana simu iliyochajiwa si sawa na yule asiye nayo, na hakuna hesabu inayoweza kumfanya awe sawa.

Kisha kuna sondaji ambazo si sondaji. Mtu anafungua ukurasa wa Facebook, anaweka picha mbili, bonyeza huyu ama yule. Mtangazaji anapokea simu kumi, anasema "wananchi wamesema." Mwanasiasa analipa ofisi ambayo haina mlango, karatasi inatoka na mihuri na michoro ya rangi, yeye yuko mbele kwa asilimia 60. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, uliza nani alilipa, walioulizwa ni wangapi na wa mikoa gani, ni tarehe gani, na swali liliulizwa kwa maneno gani. Hilo la mwisho watu wanalidharau. "Unataka amani na maendeleo pamoja na raisi fulani?" si swali, ni tangazo la kampeni lililovaa koti.

Uchaguzi mkuu unaofuata kwa katiba tuliyonayo ni wa mwaka 2028. Tangu Oktoba 2024, raisi Tshisekedi alipozungumza Kisangani juu ya tume ya kuandaa katiba nyingine, swali lile la mwaka 2016 limerudi mezani, lile ambalo watu zaidi ya 80 katika 100 walilijibu hapana. Bila shaka mtu ataliuliza tena kwa sondaji, na kila upande utasema hesabu ni zake. Majibu ya 2016 hayawezi kutumika kwa leo; wengi waliojibu wakati ule wamezeeka, wamekufa, wamehama, na vijana waliokuwa na miaka kumi leo wamefikia umri wa kupiga kura.

Lakini kabla ya kufika huko kuna kazi ambayo haijafanywa. Kadi ya mpiga kura ina jina la mahali ulipojiandikisha. Mtu wa Kitshanga ambaye leo analala Minova, na kesho labda Kalehe, katika orodha ya mtafiti ni mtu wa wapi? Akihesabiwa Kitshanga, atatafutwa huko na hataonekana. Akihesabiwa Minova, shefu wa Minova atasema huyu si wetu, tunamsubiri arudi kwao. Watafiti wanaojua kazi yao wanaweza kuchora ramani mpya ya sampuli inayoingiza kambi na familia za wapokezi kama sehemu zake zenyewe, kama vile wanavyoingiza mji na kijiji. OIM ina hesabu za kambi, mashirika ya misaada yana orodha za mgao, na wakuu wa vitongoji wanajua nyumba gani inalala watu kumi na tano. Mpaka sasa, hesabu hizo zinatumika kugawa unga na mafuta.